Historia ya ulimwengu wa mchezo wa vita ianzie mezani

Mkuu, umeeleza kwamba umeshaandika kurasa kibao za galaksi yako, wafalme wake, vita vyao na miaka yao, lakini wenzako wakikaa mezani hakuna anayekumbuka hata jina moja. Wanasogeza vikosi na kurusha dadu tu. Ukauliza uongeze nini ili waipende hiyo historia.

Mimi nimetunga na kuchezesha michezo ya vita ya anga na wenzangu kwa muda mrefu, na ushauri wangu ni kwamba usiongeze kitu kwanza. Tazama mezani pana nini, halafu tunga historia inayoeleza kwa nini kiko hivyo.

Mwaka 1988 Games Workshop ya Uingereza ilitoa Adeptus Titanicus, mchezo wa mashine kubwa za vita zenye umbo la binadamu, ndani ya ulimwengu wa Warhammer 40,000 ambao Rick Priestley alikuwa ameuanzisha mwaka mmoja kabla. Kalibu za plastiki ni ghali, kwa hiyo boksi zima lilikuja na mashine za muundo mmoja. Sasa mashine za Dola, yaani himaya ya binadamu katika ulimwengu huo, zipigane na nani, wakati upande wa pili nao ni mashine zilezile? Jibu likawa vita vya wenyewe kwa wenyewe: zamani za kale Horus, mwana kipenzi wa Kaizari, aliasi, na karibu nusu ya majeshi ikamfuata. Tatizo la kiwandani likazaa kidonda kikubwa kuliko vyote katika ulimwengu ule, na kuanzia 2006 kikaandikiwa mfululizo wa riwaya zaidi ya 50.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo kwa udogo wake. Askari wa mwanzo walikuwa vizibo vya soda tulivyoviandika kwa maka peni, baadaye tukachangishana tukaagiza boksi moja la sanamu ndogo, tukaligawana. Pande mbili, askari wale wale, silaha zile zile. Nikaandika kwamba ni miji miwili iliyotoka tumbo moja, ikagombana kuhusu nani arithi bandari ya mama yao. Sentensi hiyo moja ilitosha kwa miezi, maana kila aliyetazama meza aliuona ukweli wake kwa macho.

Jambo la pili ni ukaribu. Michezo hii inataka askari wakaribiane, maana meza ni fupi. Lakini msomaji yeyote atajiuliza: watu wanaovuka nyota wanashindwaje kulengana toka mbali? BattleTech, mchezo wa mashine za vita wa kampuni ya FASA uliotoka kwanza 1984 kwa jina la BattleDroids, una leza kubwa inayofika heksi 15 (vile visanduku vya pembe sita vya ubaoni), na heksi moja ni mita 30. Yaani mita 450 basi. Kinachokufanya ukubali ni historia ya mchezo huo: muungano mkuu wa nyota ulivunjika, koo tano zikapigana karne nzima na zaidi, viwanda na wataalamu wakaangamia, na mashine iliyobaki inarithiwa na mtoto kutoka kwa mzazi kwa sababu hakuna anayeweza kuunda nyingine kama ile. Hapo hata mkono wa mashine ukikatika unauma, kwa sababu unajua hakuna spea. Historia inayogusa thamani ya kitu kilicho mezani haisahauliki.

Lakini kama ningeruhusiwa kukupa shauri moja tu, lingekuwa hili: amua habari na msaada vinasafiri kwa kasi gani. Mengine yote yatafuata humo. Traveller, mchezo wa kuigiza wahusika wa anga uliotoka Marekani mwaka 1977, uliamua kwamba mruko mmoja wa chombo kutoka nyota hadi nyota unachukua kama wiki nzima, na hakuna ujumbe unaotangulia chombo. Makao makuu yanapata habari za vita vya mpakani baada ya miezi mingi, basi gavana wa huko anaamua mwenyewe, anatoza kodi mwenyewe, anaunda manowari mwenyewe. Katika mchezo wake wa vita, Fifth Frontier War, mchezaji anapanga safari za meli zake zamu kadhaa kabla, na hali ikibadilika njiani ndiyo imeshabadilika.

Mimi nilichukua mfano wa jambo hilo Mombasa. Waomani waliizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno na Waswahili wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, walioilinda pamoja nao. Nje, pamoja na Waomani, walikuwako Waswahili wengine. Msaada ulitegemewa kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, na meli za Goa zilishuka na kaskazi tu. Upepo ukigeuka, mtu anasubiri. Maradhi yaliua walinzi wengi kuliko mizinga. Ngome ikaanguka, na siku chache baadaye meli za msaada zikafika, zikakuta bendera nyingine.

Hebu fikiria pambano hilo mezani! Kwenye ulimwengu wetu niliweka mkondo baina ya nyota unaovuma upande mmoja kwa msimu kisha unageuka, tukauita kaskazi na kusi hivyohivyo. Kuanzia zamu ya nne mlinzi anarusha dadu mbili. Akipata 10 au zaidi meli zinatokea ukingoni, na kila zamu inayofuata kiwango kinashuka kwa moja. Usiku mmoja mwenzetu alikuwa amebakiwa na kikosi kimoja kwenye ngazi ya lango, anarusha, anakosa, anarusha, anakosa. Lango likaanguka, kisha zamu ya mwisho dadu zikakubali. Meli zikafika kwenye ngome ambayo si yao tena, na kusi bado miezi. Hawawezi kurudi kwao, hawana chakula, hawana bandari. Hakuna aliyetaka kwenda kulala. Tulikaa tukibishana watu hao waende wapi, na mabishano yale ndiyo yaliyozaa kambi ya tatu ya ulimwengu wetu. Nisingeitunga mwenyewe hata ningekaa na kalamu mwaka mzima.

Ndiyo maana nakusihi uache nafasi tupu. Warhammer 40,000 inasema kuna takriban vikosi elfu moja vya askari wake mashuhuri, lakini haivitaji vyote, na kati ya majeshi 20 ya mwanzo mawili yamefutwa kwenye kumbukumbu. Mtoto wa shule anayepaka rangi sanamu zake ana mahali pa kuziweka bila kumuomba mtu ruhusa. Wewe umeshamtaja kila mfalme na kila sayari; wenzako watakaa wapi?

Kwa hiyo weka daftari moja mezani, na kila pambano likiisha, aliyeshindwa aandike mistari mitatu ya kilichotokea. Aliyeshindwa, maana mshindi ataandika sifa, ila aliyeshindwa ana sababu ya kurudi. Kurasa zako usizitupe. Zifanye za mwandishi mmoja wa baraza la galaksi yako, mwenye upande wake, na mwache mtu wa kambi nyingine aandike kwamba huyo ni mwongo.

Tuwekee hapa ramani yako, idadi ya askari ulionao na ukubwa wa meza, tuone vita vya kwanza viwe vya kugombania nini.