Tsingy na Kirindy: niende lini?

SWALI: Nataka kuona miamba ya Tsingy na msitu mkavu wa Kirindy, magharibi mwa Madagaska. Mwezi gani unafaa, na njia ikoje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Nenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Desemba hadi Machi hugeuza barabara kuwa tope, na Tsingy ya Bemaraha haifikiki. Kutoka mji wa Morondava, ulio pwani, hadi Bekopaka, kijiji cha kuingilia Tsingy, ni takriban kilomita 200 tu, lakini tenga siku nzima na gari la 4x4. Mnavuka kwa pantoni mito miwili, Tsiribihina na Manambolo. Ondokeni alfajiri, maana ukikuta foleni pantoni ya kwanza, utafika usiku.

Tsingy ni mawe ya chokaa yenye ncha kali. Vaa viatu vya soli ngumu na glavu. Mkanda wa usalama wa kupandia miamba hutolewa kwa Tsingy Kubwa, sehemu yenye miamba mirefu zaidi. Beba begi dogo, kubwa hukwama kwenye nyufa. Anayeogopa vimo aishie Tsingy Ndogo, hakuna aibu.

Kirindy, kilomita 60 hivi kutoka Morondava, lala usiku mmoja: lemuri wadogo, wanyama wa jamii ya komba, hutoka gizani. Unamtaka fosa, mnyama mla nyama wa Madagaska anayefanana na paka? Chagua mwishoni mwa Oktoba, msimu wake wa kupandana, ila joto ni kali.