Mgonjwa kasema ana kivimbe kwenye titi, nimjibuje?

Mdogo wangu, umeuliza kama ulikosea kumwambia yule mama "usijali, ni homoni tu hizo" alipokwambia kashika kivimbe kwenye titi. Nakujibu kama nesi niliyekaa miaka mingi na wagonjwa wa nje: hapo uliteleza, ila bado hujachelewa, kama namba yake ipo kwenye faili mpigie leo hii.

Naongea hivi kwa sababu yalinikuta. Miaka yangu ya mwanzo alikuja dada mmoja ananyonyesha, akanionyesha kwa kidole kimoja tu, hapa, titi la kushoto upande wa kwapa. Nikapapasa juu juu nguo hata hajavua vizuri, nikamwambia maziwa yameganda, kanda na kitambaa cha moto na mtoto anyonye zaidi upande huo. Sikumwandikia tarehe ya kurudi. Alirudi baada ya miezi minne ngozi ya pale imevutika ndani kama kuna uzi unaivuta, akaniuliza "nesi, si ulisema ni maziwa?" Hakuwa ananigombeza, alikuwa anauliza kweli, na ndo maana iliniuma.

Sasa, ni kweli vivimbe vingi vya titi sio kansa. Kwa mabinti mara nyingi ni fibroadenoma, kale kagumu kanakokwepa ukikagusa, wengine ni vifuko vya maji, wengine titi linajaa tu kabla ya hedhi, ikiisha linatulia. Lakini hayo unayasema baada ya kupima, sio kabla, kwa sababu kidole peke yake hakijui, hata cha daktari bingwa. Na usidanganyike na maumivu, watu wanadhani kisichouma hakina shida wakati uvimbe wa kansa mara nyingi mwanzoni hauumi kabisa.

Mimi siku hizi mtu akiniambia tu hivyo naacha kuandika, namwangalia, namwambia "umefanya vizuri kuja". Maana huyo pengine kalala na hilo jambo wiki tatu hajamwambia hata mume wake. Namuuliza kakiona lini, kanabadilika akikaribia hedhi, ananyonyesha au ana mimba, chuchu inatoa damu au imeingia ndani siku za karibuni, na kwao kuna aliyewahi kuugua kansa ya titi au ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Alafu namwomba aniwekee kidole mwenyewe pale pale alipokishika, nampima yote mawili, amekaa kisha amelala, na makwapa pia. Nisipokikuta simwambii hakuna kitu, yeye anaujua mwili wake kuliko mimi, anaenda kipimo hivyo hivyo.

Kipimo ni altrasaundi, hasa kwa wenye umri mdogo, wakubwa wanaongezewa mammogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, na kikionekana cha mashaka kinachukuliwa kinyama kwa sindano kikapimwe maabara. Mammogramu ikitoka safi huku uvimbe unaushika kwa mkono usimfungie faili, kipimo hicho kinaweza kukosa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu apate majibu kamili ndani ya siku 60 toka alipokuja mara ya kwanza, kwa hiyo rufaa yako iandike siku hiyo hiyo na tarehe ya kurudi aishike mkononi. Na akija mwanaume na kivimbe chini ya chuchu mfanyie vivyo hivyo, nao wanaugua japo ni wachache.

Akikuuliza "ni kansa?" usikatae na usikubali. Mwambie "bado sijui mama, vingi huwa sio, ila hiki hatukiachi mpaka tujue ni nini, na majibu yakitoka tutayasoma pamoja".

Kwenye simu usianze kumweleza yote haya, atalala vibaya. Mwambie unataka umpime vizuri, aje kesho asubuhi, akitaka aje na mtu wake, na ukifika hapo kazini waambie wa mapokezi wamlete kwako moja kwa moja.