Trekta inanguruma lakini haivuti
Ndugu, kama plau ikizama ardhini injini inapandisha kasi na trekta haisogei, hiyo ni klachi inateleza. Ila usikimbilie kuipasua trekta. Bonyeza pedali ya klachi kwa mkono: kwenye trekta nyingi za zamani inatakiwa icheze kama sentimita 2 hadi 3 kabla hujasikia uzito. Isipocheza kabisa, beringi ya klachi inasukuma presha pleti (bamba linalobana pleti ya klachi) muda wote, na klachi haishiki vizuri. Rekebisha fimbo ya pedali, ujaribu tena. Kuna watu wamefungua trekta nzima kwa sababu ya nati moja tu!

Ikiendelea, chungulia chini ya nyumba ya klachi. Mafuta yanadondoka? Basi kuna sili (mpira wa kuzuia mafuta) imekufa, ya nyuma ya injini au ya shafti ya giaboksi, na pleti mpya ya klachi italowa vilevile usipobadilisha hiyo sili.

Ukitenganisha trekta katikati ili kufikia klachi, egemeza pande zote mbili kwa stendi imara, jeki peke yake ni hatari. Ribiti (misumari inayoshikilia bitana ya pleti) zikiwa sawa na uso wa pleti, pleti imekwisha. Flaiwili (gurudumu zito la injini linalogusana na pleti) yenye mifereji ipeleke ikakerezwe. Beringi badilisha tu, hata kama bado inazunguka vizuri.