Kwa mnaoanza kufuga uwandani: hesabuni siku

Nyinyi mnaoanza kufuga huku Micheweni, Pemba, kwenye uwanda wa mawe, watu watakwambieni kwanza mhesabu vichwa vya ng'ombe. Mimi nakwambieni hesabuni siku ambazo kigingi cha kumfungia ng'ombe kimekaa mahali pamoja.

Udongo wetu ni haba. Si kama kule kwenye vilima vya mikarafuu. Huku umekaa ndani ya vishimo vya mawe, pengine kina cha jembe tu, na jiwe lililo chini halishiki maji.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na ng'ombe mmoja. Kaskazi nzima, msimu wa jua kali kabla ya masika, nilimfunga karibu na nyumba, maana ndipo maji yalipokuwa. Kigingi nikikisogeza hatua mbili tatu, kisha nakirudisha. Mmoja tu huyo! Nyasi ikitoa jani, kashalikata. Na mzizi hulishwa na jani, kwa hiyo ukafa taratibu nami sina habari. Kwato nazo zikaukandamiza udongo ukawa kama sakafu. Masika yalipoingia, maji hayakuzama. Yalitiririka na udongo mwekundu, yakaumwaga kwenye nyufa za mawe, na humo huutoi tena. Pakaota mitunguja, ambayo ng'ombe haitaki.

Sasa, kabla sijafunga mnyama, hupima. Chukua mkebe wa maziwa ya unga, utoe kitako, upigilie ardhini vidole viwili, umimine kikombe cha maji, uangalie saa maji yanazama kwa muda gani. Kisha fanya vivyo hivyo mahali ambapo mnyama hajaingia msimu mzima. Ukiona tofauti yake utaelewa haraka kuliko nikikuhadithia.

Mwondoeni ng'ombe nyasi zikiwa bado na urefu wa upana wa kiganja. Masika nyasi hujirudi kwa wiki 4 hivi. Kaskazi huenda zikangoja mpaka mvua, ndiyo maana ni lazima mpande miti ya malisho, lusina na gilirisidia, mipakani, mkate majani mumpelekee. Mvua ikinyesha sana msimfunge penye udongo uliorowa, maana ndio unaokandamizika zaidi.

Samadi msiizoe yote kwa ajili ya mihogo. Dundu, wadudu wa mavi, huizika na kuitoboa ardhi. Na dawa ya minyoo ya aivamektini hutoka na mavi ikaua mabuu yao, basi msichome sindano hiyo kwa mazoea.

Pale karibu na nyumba nimepazungushia mawe. Mwaka wa tatu huu, na maji ya mkebe ndiyo kwanza yanaanza kuzama.