Pawabanki yangu imenitia aibu uwanja wa ndege

SWALI: Shikamoo Anti. Mie nafuata mzigo Dubai kila baada ya miezi miwili mitatu. Safari iliyopita nishakaa zangu nasubiri kupanda nasikia naitwa kwenye spika, naenda kumbe begi langu la chini limezuiliwa, likafunguliwa mbele za watu, sidiria zote nje, kisa pawabanki. Wakaichukua. Sasa nimenunua nyingine Kariakoo, imeandikwa 30,000, nataka niibebe mkononi, itapita kweli? Na mbona siku hizi wakali hivyo, si tulikuwa tunachajia humo humo kwenye ndege? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, hiyo ya sidiria nimecheka kidogo unisamehe. Ila kosa lilikuwa lako. Betri ya lithiamu ikichemka sana inawaka yenyewe, sasa ikiwaka uko nayo kwenye siti wahudumu wanaiona na wanaimwagia maji, ikiwaka kule chini kwenye mizigo nani aione? Ndo maana inakaa begi la mkononi, ndege yoyote.

Hiyo mpya chukua kalkuleta ya simu. Wanachoangalia ni Wh, yaani wati-saa, umeme wote uliomo, sio mAh, ndo hiyo 30,000 iliyoandikwa. 30,000 zidisha kwa 3.7, ndo volti za betri, gawa kwa 1,000, unapata Wh 111. Mpaka 100 unapita, kuanzia hapo hadi 160 ukaombe ruhusa ya shirika kwanza, na Emirates ndo usijisumbue, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 kila abiria moja tu, iwe chini ya 100, huchajii simu nayo wala yenyewe huichaji humo ndani, unaiweka mfuko wa siti au chini ya siti ya mbele. Hiyo iache Tanga ikusaidie umeme ukikatika. Nunua ya 20,000, ni 74 tu.

Halafu igeuze uone kama maandishi yanasomeka. Hizi zetu za bei chee zikikaa na funguo kwenye mkoba wiki mbili namba zote zimefutika, na isiyo na namba wanaweza kuichukua hata iwe ndogo kama kiberiti. Yangu nimeibandika selotepu juu ya namba.

Ukali wenyewe umezidi tangu Januari 2025, ndege ya Air Busan kule Korea Kusini iliwaka moto kabla haijaruka, ukaanzia kabati la juu ya siti, watu wakatoka ila paa lote likaungua, na wachunguzi wakasema huenda ni pawabanki. Kwa hiyo usiitupie kule juu ukalala.

SWALI: Anti, nampelekea wifi yangu Muscat achari ya embe, nibebe mkononi isimwagike? Msomaji, Unguja

JIBU: Achari wanaihesabu majimaji, na wanaangalia ukubwa wa chupa, chupa ikizidi mililita 100 hata ndani kuna kijiko kimoja wanaitupa. Weka begi la chini. Kaza kifuniko, zungushia selotepu, kisha funga na kanga ambayo huioni huruma.