Jiwe la figo na mwendo wa mkojo

Kaka, umeuliza kwa nini wewe wa bodaboda hapo Tabora unapata mawe ya figo ilhali huli chumvi sana. Tazama kwanza jua la Septemba na Oktoba: maji yanaishia kwenye jasho, mkojo unakuwa kidogo na mzito, kalsiamu na oksaleti, yaani madini na taka zilizoyeyuka kwenye mkojo, zinagandana kuwa chembe. Ila chembe peke yake bado si jiwe. Mkojo hupita kwenye vijirija vya figo kwa dakika chache tu, kwa hiyo chembe nyingi husombwa kabla hazijakua. Tatizo linaanza chembe ikinasa ukutani, au mkojo ukituama. Ndiyo maana vikombe vya chini vya figo, yaani vijishimo vya ndani vinavyopokea mkojo, vina sifa mbaya: ukisimama, mlango wao uko juu, na kinachodumbukia humo hutoka kwa shida.

Kunywa mpaka ukojoe lita 2 hadi 2.5 kwa siku. Nimesema ukojoe; kwa jua hilo maji ya kunywa ni zaidi ya hapo. Na ubavu ukiuma pamoja na homa, achana na mizizi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.