Toka upepo ukiwa usoni: baiskeli na mbio za porini Malindi, kaskazi hadi kusi

Baiskeli yangu ya milimani niliinunua ikiwa imeshatumika, na siku ya kwanza nilipoipitisha mbele ya baraza letu mtaani Shela, hapa Malindi, wazee waliniuliza mlima wenyewe uko wapi. Swali lilikuwa na haki yake. Malindi ni tambarare, mchanga na minazi. Leo, miaka minane baadaye, naweza kuwajibu: mlima upo, ila unahamahama. Miezi kadhaa unakaa upande wa kusini, miezi kadhaa upande wa kaskazini, na asiyejua umekaa wapi siku hiyo ataupanda akiwa ameshachoka.

Mimi niliupanda mwezi wa Julai. Nilitoka mjini baada ya swala ya alfajiri, nikavuka daraja la mto Sabaki, nikafika Mambrui, kilomita kama 15, jua likiwa bado changa. Nikajiona bingwa. Nikakaa, nikanywa chai, nikala mahamri kwa mbaazi bila haraka yoyote. Saa nne nilipogeuza baiskeli, kusi, upepo utokao kusini, ilikuwa imeshaamka. Njia ile ile ilinila mara mbili ya muda wa kwenda, na kipande cha mwisho kabla ya daraja niliikokota baiskeli kwa mkono, mchanga ukinipiga magotini. Jioni nikapita kwa mjomba wangu, mvuvi wa siku nyingi.

"Shikamoo mjomba. Leo upepo umenitesa."

"Marahaba." Hakuinua macho kwenye wavu. "Ulikwenda na kusi, ukatarajia kurudi na nini?"

Tangu siku hiyo sipangi safari kwa kalenda ya ukutani. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi kusi ndiyo inayotawala, na kali yake ni Juni hadi Agosti. Miezi hiyo natoka kuelekea kusini, upande wa Gede na Watamu. Alfajiri upepo huwa mdogo, kwa hiyo usoni hauumi sana. Ukifika mwisho wa safari umeshapanda, unageuza, upepo unakusukuma hadi nyumbani. Desemba hadi Machi ni kaskazi, upepo utokao kaskazini, basi nageuza mambo: Sabaki na Mambrui kwanza, kisha narudi mgongo ukipepewa. Katikati kuna tanga mbili, zile wiki ambazo upepo haujui unataka nini, na hapo nenda utakako. Mimi huzihifadhi kwa safari ndefu, kama ya Marafa, kwenda kuliona lile bonde la Nyari lililomomonyolewa na mvua likabaki minara ya udongo mwekundu, mweupe na wa chungwa. Usishuke bondeni adhuhuri. Joto la mle ndani si la mchezo, na mvua ikinyesha udongo ule unateleza vibaya.

Kwa wanaokimbia, upepo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni maji.

Nashangaa ni watu wangapi wanaokuja kukimbia pwani bila kuuliza maji yanakupwa saa ngapi. Pwani yetu bahari inaweza kupanda na kushuka karibu mita nne wakati wa bamvua, yale maji makubwa, na bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kama saa nne. Maana yake, ukitoka kazini jioni ya mwezi mpevu na raba zako mkononi, hutakuta ufuo wa kukimbilia. Utakuta mchanga laini wa juu unaokumeza vifundo, na kule kusini kwenye majabali ya matumbawe utakuta mawimbi yanagonga ukuta. Nilishanaswa hivyo mara moja, nikalazimika kupanda jabali kwa mikono na kutokea kwenye ua wa watu. Mbwa wao walinipokea vizuri tu.

Maji mafu, siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana, ndiyo rafiki wa mwenye kazi ya ofisini. Mwezi ukiwa na siku saba au nane tangu kuandama, na tena ukifika siku ishirini na moja, ishirini na mbili, maji hukupwa jioni kama saa kumi. Hayashuki mbali, lakini yanaacha ukanda wa mchanga mgumu unaotosha. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo ukishajua siku moja, wiki nzima unaihesabu kichwani. Nyingine ni kwamba ufuo umeinama kuelekea baharini. Ukikimbia upande mmoja tu kisha ukapanda tuktuk kurudi, goti moja litakushtaki. Rudi kwa miguu, uzito ugawanyike.

Wakati wa kusi mwani hutupwa ufuoni kwa mafungu. Unateleza, unanuka, na chini yake huoni chupa iliyovunjika, kwa hiyo usikimbie peku. Wakati wa kaskazi mwani hupungua, ila maji ya ghuba yetu huwa kahawia, kwa sababu upepo unasukuma tope la Sabaki kuja mjini. Wageni hudhani ni uchafu. Ni udongo wa bara. Mto ule ule huko juu unaitwa Athi, kisha Galana, na hapa kwetu Sabaki, na ndiyo maana unaweza kufurika huku Malindi jua linawaka: mvua imenyesha Nairobi na Ukambani. Mdomoni mwake kuna viboko na mamba. Kiboko hutoka usiku kula nyasi na hurudi majini kunapopambazuka, saa ile ile ambayo mkimbiaji anapenda kuwa njiani. Mimi sikanyagi huko mpaka jua limepanda.

Masika wengi huiweka baiskeli ndani. Wanakosa. Kuna jambo ambalo ilinichukua miaka miwili kulitambua: mvua inafunga njia moja na kufungua nyingine. Mchanga mweupe, kiangazi, ni mateso. Gurudumu linazama na unatapatapa kama kuku. Ukinyeshewa vizuri unashikana, unakuwa kama sakafu. Udongo mwekundu ni kinyume chake. Kiangazi ni mgumu, mvua ikija unaganda kwenye tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, una aina zote mbili: mchanga mweupe penye miti ya mirihi, na udongo mwekundu kule magharibi. Basi Mei tafuta mchanga, Februari tafuta udongo mwekundu. Lipa kiingilio, na uende na kiongozi anayejua ndovu wameonekana wapi jana. Baiskeli haina kelele, na ndovu hapendi kushtukizwa.

Penye mchanga punguza upepo wa tairi. Mimi hushuka kutoka psi 35 hadi kama 22, na pampu haikosi mkobani, kwa sababu ukirudi barabarani na tairi legevu utajuta. Beba tyubu mbili. Mbigili za vichochoroni huku hazina huruma.

Joto la Februari na Machi sina dawa yake zaidi ya kuamka mapema. Saa tatu asubuhi niwe nimeshafika nyumbani, basi. Dafu, au maji ya ukwaju yenye chumvi kidogo, kabla ya kitu kingine chochote. Ramadhani nayo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Nilipoanza ilinikuta masika, sasa imeingia kwenye joto la kaskazi. Hukimbia nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi, taratibu, na naishia mlangoni penye tende.

Kinachoua baiskeli hapa ni chumvi. Mnyororo wangu wa kwanza ulikufa ndani ya kaskazi moja, na kosa nililifanya nikidhani ninautunza: nilikuwa nauosha kwa maji ya kisima cha nyumbani, nayo yana chumvi kama nusu ya bahari. Tumia maji ya bomba au ya mvua, kausha kwa kitambaa, kisha mafuta ya cherehani kidogo na ufute yaliyozidi. Oili chafu ya gari achana nayo, inakusanya mchanga mpaka mnyororo unasaga meno ya gea. Fundi wangu aliponionyesha yale meno yalivyolika, hakusema kitu, aliyahesabu tu kwa kidole mbele yangu kisha akanitajia bei.

Jumamosi hii mwezi una siku saba tangu kuandama. Maji yatakupwa jioni na kusi imeanza kujipima, kwa hiyo saa kumi na nusu nitaanzia kwenye mivinje na kushika ufuo kuelekea kusini, upepo usoni.